Hapa Hakuna Hodi

Miaka thelathini na mmoja nilipita chini yake
na mkoba begani, macho njiani,
maana njia ndiyo iliyokuwa ikiniangusha.
Maporomoko yaliganda kila Desemba, yakayeyuka kila Machi,
nami nikawa na barua za kufikisha.

Nilipostaafu, wenzangu wa posta walichanga.
Nilitarajia saa ya mkono.
Wakanipa bahasha (bahasha, mimi!)
na ndani yake karatasi: nusu siku ya kupanda barafu,
pamoja na kiongozi, vifaa bure.
Wakacheka mpaka Donato akapaliwa na divai.
Nikasema nitakwenda. Wakanyamaza.

Kiongozi ni Solange, binti wa mchinjaji.
Barua yake ya kukubaliwa chuo cha viongozi wa milima
niliifikisha mimi, siku ya theluji;
aliifungua kwa meno, glavu mikononi.
Leo ananifunga kibwebwe cha nailoni
chenye vishikizo vya chuma,
anavuta, anajaribu, anavuta tena.
Viatu vyangu vimeota meno, kumi na mawili kila mguu.
Mikononi nina mashoka mawili yenye shingo ya korongo.

"Visigino chini," anasema. "Miguu kwanza, mikono baadaye.
Usipige kwenye kinundu, kitapasuka. Tafuta kibonyeo."

Nikapiga. Kisahani cha barafu kikachomoka,
kikapita sikioni kikivuma.
Nikapiga tena. Ko. Ko.
"Piergiorgio," akaita kutoka chini, "unabisha hodi.
Hapa hakuna hodi. Ingia."

Mikono hii haijui kitu kingine.
Ko ko kwa mjane wa kinuni, ko ko kwa paroko,
ko ko kwenye mlango wa bluu, namba arobaini,
ambako hawakufungua hata siku moja
ila pazia lilitikisika.
Sikuwahi kuingia kwa mtu. Kazi yangu iliishia kizingitini.

Nikarudisha bega nyuma, nikalegeza kifundo, nikatupa.
Ndu.
Sauti fupi, nzito, kama panga la babake likitua goguni.
Shoka halikutoka hata nilipolibembeleza.

Mita nne. Mita sita.
Nyuma ya barafu maji yalikuwa yakishuka.
Kumbe hayakuganda, yamevaa tu.
Niliyaona, kijani, upande wa pili wa kioo,
yakiteremka mbio kama watu wenye shughuli zao
wasiotaka kuulizwa.

Mita tisa, mguu wa kulia ukaanza kushona,
cherehani kabisa, bila uzi, bila kitambaa.
Nikaliambia goti maneno ambayo paroko asingependa.
"Pumua," ikaja sauti. "Keti kwenye kamba. Kamba ni kiti."
Sikuketi.
Nilianguka, ndipo nikaketi.

Kamba ikanizungusha taratibu, mgongo kwa barafu,
na kijiji kikawa chini yangu chote, anwani kwa anwani,
moshi ukitoka pale nilipojua utatoka.
Bi Clémentine, namba kumi na saba, alikuwa barazani
akikung'uta zulia. Akakinga macho kwa kiganja.
"Ni wewe?" akapaza sauti. "Kuna chochote changu?"
"Leo hakuna," nikajibu,
mashoka yakining'inia viganjani.
"Haya," akasema, akarudi kwenye zulia lake.

Juu zilibaki mita nane.
Ziko huko huko.

Chini, damu iliporudi vidoleni
nililia, sifichi, kama mtoto aliyebanwa na mlango.
Solange akanishikia kikombe mdomoni, chai tamu mno,
akisema itachoma dakika mbili tu, kila mtu huchomwa,
hata yeye, hata leo.
Nikangoja maumivu yapungue nipate kuuliza:
"Namba arobaini, mlango wa bluu. Anakaa nani mle?"

"Hakuna mtu," akasema. "Tangu sijazaliwa."

"Na pazia?"

Akaanza kukunja kamba, mkono hadi kiwiko.
"Paka," akasema.